Homa ya Ini B: Jinsi ya Kupima, Kuchanja na Kumkinga Mtoto

Virusi vya homa ya ini ni vya aina tano. A na E huingia kwa maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Choo safi, sabuni na maji yaliyochemshwa huvizuia. B husambaa kwa damu, kujamiiana na wakati wa kujifungua, na mtu anaweza kukaa navyo miaka mingi bila dalili huku ini likipata makovu, hata saratani.

Usisubiri macho yawe ya manjano: pima damu. Kipimo cha HBsAg, kinachoonyesha kama una virusi vya homa ya ini B, kikiwa chanya, rudia baada ya miezi 6. Kikibaki chanya, maambukizi ni sugu na unahitaji kufuatiliwa na daktari. Kama huna virusi wala kinga, chanjwa dozi tatu: leo, baada ya mwezi 1, na miezi 6 baada ya ile ya kwanza. Wengi huiacha ile ya tatu, nayo ndiyo inayoifanya kinga idumu.

Mtoto achanjwe ndani ya saa 24 tangu azaliwe. Saa hizo ni za thamani mno: kati ya watoto 10 wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa, takriban 9 hubaki na virusi hivyo. Mtoto akishachanjwa, mama mwenye virusi anaweza kumnyonyesha.

Nyumbani, kila mtu awe na wembe na mswaki wake, maana virusi hivi huishi nje ya mwili angalau siku 7. Kula pamoja na kukumbatiana hakuambukizi, basi msimtenge mgonjwa. Yeye aache pombe kabisa.