Somo: Jinsi ya kusubu usukani wa alumini wa hotirodi

Wakuu, leo twende kwenye usukani. Hotirodi ni mchezo wa Wamarekani: unachukua gari la zamani, kipenzi chao kikiwa Ford ya 1932 iliyoleta injini ya V8 (ya silinda nane) kwa bei ya mtu wa kawaida, unalipunguza mabati, unaliongezea nguvu, na kila unachoweza kukitengeneza mwenyewe hukinunui. Usukani wa dukani ndani ya gari kama hilo unajulikana mara moja. Ila ukikatika mkononi ukiwa barabarani, huna gari tena, kwa hiyo hapa hakuna bora liende.

Tunasubu, yaani tunamimina alumini iliyoyeyuka ndani ya umbo la mchanga, usukani bapa wa spoku tatu, kipenyo sentimita 38, ukingo wa mviringo wenye unene wa milimita 25, spoku za milimita 8, na kitovu cha sahani ya milimita 90. Kinachosumbua ni umbo lake lenyewe. Ukingo mnene, kitovu kinene, katikati spoku nyembamba. Spoku zitaganda kwanza na kufunga njia, kisha ukingo unaanza kupungua na hauna pa kunywea alumini ya kujazia. Karibu kila nitakachosema hapa chini kinatokana na hilo.

Hatua ya 1: Kiolezo

Kiolezo ni mfano wa usukani unaoacha umbo lake mchangani. Tumia MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa) au plaiwudi nzuri. Alumini inapopoa hupungua takriban asilimia 1.3, kwa hiyo ukitaka milimita 380 kiolezo kiwe na 385. Kigawe nusu mbili kwa unene, juu na chini, zishikane kwa vijiti viwili vya mbao ili zisiteleze. Ukingo wa mviringo utatoka mchangani bila shida, lakini pembeni mwa spoku na kitovu weka mlalo wa nyuzi 2 hadi 3.

Pale spoku inapokutana na ukingo jaza puti mpaka kona iwe na mviringo wa milimita 6 au zaidi. Kona kali ndipo chuma (nikisema hivyo kwenye kumimina, ni alumini yenyewe) hupasuka kingali moto, kabla hata hujakigusa. Piga vanishi, msasa, vanishi tena.

Hatua ya 2: Mchanga

Mchanga laini wa silika, bentonaiti (udongo wa kushikanisha mchanga) asilimia 8 hadi 10, maji asilimia 3 hadi 5. Mafundi wa sufuria hawapimi, wanakamata. Fumba ngumi, fungua: mistari ya vidole ionekane. Likate bonge katikati, livunjike safi lenye ncha kali. Likimomonyoka ni kavu. Likikuachia unyevu kiganjani, maji yamezidi, na maji yakikutana na alumini ya moto yanageuka mvuke wa kurusha chuma usoni.

Hatua ya 3: Kupanga njia

Hapa usikimbie. Mdomo wa kumiminia uwe nje ya usukani. Kutoka hapo chimba mfereji unaouzunguka ukingo kwa nje, na uingize chuma kwa milango mitatu, kila mmoja mbele ya spoku yake. Juu ya kila mlango weka kisima cha kulishia chenye kipenyo cha milimita 45 na kimo cha 80. Kitovu kipate kisima chake, milimita 60. Visima vikiwa vinene kuliko sehemu vinayoilisha vitaganda mwisho, na ukingo utanywa humo.

Sasa fikiria chuma kinavyosafiri. Kinaingia kwa milango mitatu, kinakimbia pande zote mbili za ukingo, na kinakutana katikati ya spoku na spoku. Kila ncha imevaa utando wa oksidi, na ncha mbili zilizopoa zikigusana haziungani, zinabanana tu. Kwa macho utaona mstari mwembamba kama unywele, na hapo ndipo usukani utakatikia. Dawa yake ni kuchimba kifuko kidogo upande wa nje wa kila makutano, ncha zile baridi zimalizikie humo, kisha utakuja kuzikata. Toboa matundu ya hewa kwa spoku ya baiskeli iliyochongwa ncha.

Hatua ya 4: Kuyeyusha

Usukani wenyewe utakuwa na kilo 2 na kidogo, lakini visima na mifereji vinakula zaidi ya hapo. Yeyusha kilo 6. Malighafi bora ni rimu za alumini za magari, nyingi zimetengenezwa kwa aloi ya A356 yenye silikoni asilimia 7. Dondosha siki kwanza kwenye sehemu uliyokwangua. Ikitoa povu hiyo ni magnesi, iweke mbali kabisa na moto wako.

Tumia chungu cha grafiti. Chungu cha chuma huyeyukia taratibu ndani ya alumini na kuifanya iwe ya kukatika. Pasha vipande vikauke kabla ya kuvitumbukiza. Mimina kwenye nyuzi 720 hadi 740 za Selsiasi, na upime kwa kipimajoto cha waya aina ya K. Usisubiri iwive nyekundu kama chuma cha mhunzi, maana mchana alumini hubaki kama fedha hata ikiwa imepita kiasi.

Viatu vya ngozi, suruali nje ya kiatu, ngao ya uso, na sakafu ya mchanga mkavu. Zege lina unyevu ndani, likimwagikiwa hulipuka.

Mimina bila kukatisha mpaka uone chuma kimepanda kwenye kisima cha kitovu.

Hatua ya 5: Kumalizia

Kikishaganda legeza mchanga ulio katikati ya spoku ili ukingo usibanwe unapojikaza. Kiache kipoe chenyewe. Kata visima kwa msumeno, kisha lainisha kwa tupa iliyopakwa chaki ili isizibe. Jiwe la kawaida la grenda usiliguse, alumini hulijaza na linaweza kupasuka.

Kabla ya kung'arisha, loweka usukani kwenye mafuta ya taa, ufute ukauke, upake unga wa chaki. Ufa wowote utachora mstari wa unyevu. Ukiuona, usukani unarudi chunguni. Usichomelee.

Maswali ya wanachama

Mkuu, nina gunia la makopo ya soda. Yanafaa?

Kwa usukani hapana. Ni membamba, mengi yanaishia kuwa takataka za juu, na aloi yake haina silikoni ya kutosha kutiririka kwenye spoku.

Kwa nini tusiweke kitovu cha chuma chenye meno ndani ya mchanga, alumini ikishike humo humo?

Havigandani, alumini inakikumbatia tu. Siku ikilegea, usukani unazunguka na magurudumu hayana habari. Mpe fundi wa kukereza atengeneze kitovu cha chuma chenye meno ya shafti yako, ukifunge kwa bolti 6 kwenye duara la milimita 70, mpangilio ule wa Momo, watengeneza usukani wa Italia.

Fundi, nikiupasha, kuuzamisha majini na kuupasha tena kidogo uwe T6 (hali ya alumini iliyoimarishwa kwa joto) si utakuwa imara zaidi?

Nguvu itaongezeka, lakini uwezo wa kupinda kabla ya kuvunjika unapungua. Usukani mimi nataka upinde. Nauacha kama ulivyotoka.

Wangu umetoka na vitundu vidogo baada ya msasa. Shida nini?

Chungulia kwa lenzi. Vya mviringo vyenye kuta laini ni gesi: malighafi ilikuwa na unyevu au ulipasha kupita kiasi. Vyenye kuta za kukwaruza, hasa karibu na spoku, kisima chako kilikuwa kidogo.

Gari langu ni la juzi juzi, lina eabegi (mfuko wa hewa wa kumkinga dereva) ndani ya usukani. Naweza kufunga?

Hapana mkuu. Utengeneze uutundike ukutani.