Pima kontua kwa miti mitatu, mvua hazijaanza

Mwidiwe! Huku kwetu Kalinzi, Kigoma, shamba ni mteremko. Miaka mingi nililima matuta ya kushuka na mlima, maana ukilima hivyo mgongo hauchoki sana. Mvua ikipiga, kila mfereji kati ya matuta unakuwa njia ya maji, udongo mweusi unaondoka pamoja na mbolea niliyoinunua kwa pesa. Unakwenda mtoni, kisha Ziwa Tanganyika. Kule tope linatua kwenye mawe ya ufukweni, pale samaki wadogo wanapokwangua mwani. Sisi wa mlimani tunalalamika samaki ni ghali!

Dawa ni kulima kwa kufuata kontua, yaani mstari wa usawa unaokatiza mteremko. Kuupima, chukua miti miwili iliyonyooka, mita 2 kila mmoja. Ifunge juu, itanue miguu chini, kisha pigilia mti wa tatu katikati ukae kama herufi A. Kileleni ning'iniza kamba yenye jiwe, ipite chini ya ule mti wa kukingama. Jiwe liwe zito, na usipime jioni yenye upepo. Mimi nilipoteza siku nzima kamba ikicheza ngoma.

Simamisha A, weka alama kamba inapogusa mti wa kukingama. Geuza, mguu wa kulia ukanyage palepale pa kushoto na wa kushoto pa kulia, weka alama tena. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa ulipo. Wengi wanaruka hatua hii, halafu makinga maji yao, yaani matuta ya kuzuia maji, yanageuka mitaro.

Anzia juu ya shamba. Mguu mmoja utulie, mwingine uupandishe na kuushusha mpaka kamba iguse katikati. Piga kigingi kwenye kila mguu, songa mbele. Vigingi vikipinda kama nyoka, usivinyooshe kwa nguvu. Mlima ndio umepinda.

Chimba kufuata vigingi, kina cha goti, udongo utupe upande wa juu. Juu ya tuta hilo panda mabingobingo, mbuzi nao watakula. Mteremko ukiwa mkali, mistari iwe karibu karibu. Matuta ya maharage yafuate mstari huohuo.

Mvua kubwa ya kwanza ikikatika, toka na jembe ukakague. Tuta langu lilipasuka penye kichuguu cha zamani, maji yalipita chini kwa chini. Nilishindilia udongo wa mfinyanzi na mawe, limeshika.