Somo: Kuzamisha shitipaili bila kelele wala mtikisiko karibu na nyumba za watu

Wakuu, kazi za kando ya mto Ruaha Mdogo pale Ipogolo, Iringa, zina shida moja. Unataka kuchimba shimo refu, kingo zake zizuiwe na shitipaili (bamba za chuma zinazofungamana kuwa ukuta), chini kuna mchanga na maji, na mita chache pembeni kuna nyumba ya tofali za kuchoma zilizopangwa kwa tope. Kuzizamisha kwa nyundo ya mtetemo hapo ni kesi.

Dawa yake ni kukandamiza. Mashine ya haidroliki hukaa juu ya shitipaili zilizokwishazama, huzikaba kwa taya, kisha husukuma inayofuata. Zile zilizobanwa na udongo hazikubali kung'oka, kwa hiyo mashine ya tani kumi na kitu husukuma kwa nguvu ya tani 80 au zaidi. Kampuni ya Giken ya Kochi, Japani, ilitengeneza ya kwanza ya aina hii miaka ya 1970.

Hatua ya 1: Udongo. Hapa msifanye haraka. Mchanga na mfinyanzi laini havina shida. Lakini Tukuyu na kuzunguka Rungwe utakuta mawe ya volkano yamefukiwa, na Iringa mjini mwamba hauko mbali. Lile jiwe kubwa la Gangilonga si mnaliona? Bamba likikutana na jiwe hukunja ncha, na juu hutajua. Toboa mashimo ya uchunguzi kwanza, yapite kina cha bamba.

Hatua ya 2: Piga picha nyufa zote za nyumba jirani, mwenyewe akiwepo.

Hatua ya 3: Bamba za mwanzo huzamishwa mashine ikiwa kwenye kitako chenye vizito, maana bado hakuna cha kukaba. Zipime kwa timazi pande mbili. Zikilala, zote zinazofuata zitalala, kwa sababu kingo zimefungamana.

Hatua ya 4: Sukuma, vuta juu kidogo, sukuma tena. Ikigoma usilazimishe: tumia maji ya presha kwenye ncha, au keekee itangulie. Maji hayo yasikaribie msingi wa mtu, yanahamisha mchanga.

Hatua ya 5: Chimba kwa awamu, ukiweka mihimili ya kukinza kabla ya kushuka zaidi. Wengi hulegea hapa wakidhani ukimya wa mashine umemaliza hatari. Ukuta ukipinda kuelekea shimoni, ardhi nyuma yake inashuka, na nyumba inafuata.

MASWALI

— Kamwene mkuu. Mashine hiyo huku kwetu haipatikani kirahisi. Nyundo ya mtetemo ya kisasa haifai?
Jibu: Kamwene. Ipo ya masafa ya juu inayofika kasi kamili kabla vizito vyake havijaanza kutikisa, kwa hiyo haitikisi inapopita kwenye kasi inayoamsha udongo. Mtikisiko unapungua, hauishi. Shambani naikubali, mita tatu kutoka ukuta wa tope, hapana.

— Shikamoo mwalimu. Niko Mbeya, tumekuta mawe. Tufanyeje?
Jibu: Marahaba. Kama ni machache, keekee itangulie. Kama ni mawe matupu, achana na shitipaili. Toboa na mwaga nguzo za zege.

— Kazi ikiisha tunazing'oa tuuze?
Jibu: Mashine hiyohiyo inang'oa. Ila kwenye mfinyanzi bamba hutoka na udongo, linaacha pengo chini, kwa hiyo jaza majimaji ya saruji kadiri linavyopanda. Zile za upande wa nyumba mimi huziacha, nakata vichwa tu. Mwambieni mteja mapema, aweke bei ya hizo zinazobaki kwenye mkataba.