Projekta moja, wanafunzi 80: jinsi ya kuitumia bila kupoteza kipindi

Shule nyingi za sekondari Tanzania zina projekta moja, kompyuta mpakato moja au mbili, na vishikwambi ambavyo walimu walipewa baada ya Sensa ya 2022. Vifaa hivyo vinatosha kufundishia vizuri. Kinachoharibu kipindi ni maandalizi duni: dakika 15 zinaishia kwenye waya, na zilizobaki wanafunzi wanatazama picha zikipita bila kuandika wala kuulizwa chochote.

Je, mada inahitaji skrini?

Jiulize hili wakati wa kuandika andalio la somo. Kutatua milinganyo, kuchanganua sentensi au kuthibitisha kanuni ya jometri ni kazi ya chaki. Mwalimu anapoandika mstari mmoja baada ya mwingine, mwanafunzi anaona hoja inavyojengwa na anapata muda wa kunakili. Hatua hizohizo zikitokea zote kwa mpigo kwenye slaidi, ataona jibu lakini njia itampita.

Skrini itumike pale chaki inaposhindwa: kitu kinachotembea, kidogo mno, cha mbali au cha hatari. Mgawanyiko wa seli, elektroni zinavyopita kwenye saketi, chembe za maji zinavyohangaika zikipashwa moto, Bonde la Ufa likionekana kutoka angani. Kwa fizikia na kemia, tafuta majaribio ya kuigiza ya PhET kutoka Chuo Kikuu cha Colorado Boulder. Ni ya bure, baadhi yametafsiriwa kwa Kiswahili, na mengi unaweza kuyapakua mjini ukayafungua shuleni bila intaneti.

Wanaodhani kifaa chenyewe kinafundisha waitazame Peru. Serikali iligawa kompyuta ndogo kwa wanafunzi, na uchunguzi uliofanyika katika shule 319 za msingi na kutolewa mwaka 2012 haukuona alama za hesabu wala lugha zikipanda. Kompyuta zilifika, ufundishaji ukabaki uleule. Kwa upande mwingine, jijini Delhi, India, wanafunzi waliotumia programu ya Mindspark kwa muda usiofika miezi mitano walipanda vizuri katika hesabu na Kihindi. Programu hiyo ilimpa kila mtoto maswali ya kiwango alichofikia, hata kama kilikuwa chini ya darasa lake.

Umeme: piga hesabu kwanza

Projekta ya kawaida ya taa, yenye lumeni (kipimo cha mwangaza) 3,000 hivi, hula wati 250 hadi 300. Ongeza kompyuta mpakato wati 50 na spika wati 20. Tuseme jumla ni wati 350. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini tumia nusu tu, kwa sababu ukiikausha mara kwa mara sahani za risasi zilizo ndani hushikwa na ukoko mgumu na betri inaacha kutunza chaji. Zinabaki 600. Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, hupoteza kama asilimia 15, zinabaki 510. Gawanya kwa 350, unapata kama saa moja na nusu pungufu kidogo. Hivyo ni vipindi viwili vya dakika 40, basi. Pima betri ikiwa imepumzika: volti 12.7 imejaa, 12.2 imefika nusu, acha kuitumia hadi ichajiwe.

Projekta ndogo za LED hula umeme kidogo, ila kuwa makini dukani. Boksi linaweza kudai lumeni 9,000 na picha isionekane mchana. Uliza lumeni za ANSI, maana hizo ndizo hupimwa kwa utaratibu unaoeleweka.

Projekta ya taa usiizime kwa kuchomoa waya. Bonyeza kitufe cha kuzima, subiri feni isimame, ndipo uchomoe. Taa ikinyimwa upepo ikiwa bado ya moto huchakaa mapema, na taa mpya ni ghali. Kichujio cha hewa kisafishe kila baada ya wiki mbili kwa brashi laini. Vumbi la chaki na la uwanja likiziba njia ya hewa, projekta hupata joto na kujizima yenyewe katikati ya somo.

Dawati la mwisho linaona nini?

Projekta nyingi za shule zikiwekwa mita 3 kutoka ukutani hutoa picha ya upana wa mita 2 na kimo cha kama mita 1.25. Mwanafunzi wa nyuma yuko mita 9. Ili asome bila kukunja uso, herufi ukutani iwe na kimo cha sentimita 4.5 hivi, sawa na maandishi ya ukubwa wa 28 kwenye slaidi. Usishuke chini ya hapo, na mistari isizidi saba. Ukurasa mzima wa kitabu cha PDF kutoka maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania hautasomeka kamwe kutoka nyuma; kuza mchoro mmoja au aya moja.

Kagua mwenyewe: kabla ya kipindi, nenda ukae dawati la mwisho usome. Funika kwa kitambaa cheusi madirisha mawili yaliyo karibu na picha, si yote, kwa kuwa wanafunzi wanahitaji mwanga wa kuandikia. Ukuta mweupe usiong'aa unafaa kuliko ubao wa plastiki unaorudisha mwanga machoni.

Jambo moja ambalo huwakwamisha wengi: simu na vishikwambi vingi vya bei nafuu havitoi picha kupitia tundu la chaji, hata ukinunua waya wa kubadilisha kwenda HDMI, tundu la picha la projekta. Jaribu kabla ya kununua. Kompyuta ndiyo njia ya uhakika. Kwenye Windows, shika kitufe chenye nembo ya Windows na P, kisha chagua kuonyesha picha ileile pande zote mbili.

Dakika 40 zenyewe

Kabla ya kengele kila kitu kiwe kimewashwa, video imesimama pale unapotaka ianze, sauti imepimwa, na WhatsApp ya kompyuta imefungwa. Ujumbe wa familia yako usitokee ukutani mbele ya watoto 80.

Anza ubaoni, projekta ikiwa bado haionyeshi kitu. Andika swali: tukiongeza balbu ya pili kwenye saketi hii ya mfululizo, ya kwanza itang'aa zaidi, itafifia, au itabaki vilevile? Kila mmoja aandike ubashiri wake daftarini. Hatua hii usiiruke. Mwanafunzi aliyekwisha kujifunga kwenye jibu hutazama ili ajue kama amepata. Asiyebashiri hutazama tu.

Onyesha dakika mbili au tatu, simamisha. Uliza swali lenye majibu manne, wanafunzi wajibu kwa vidole vilivyoshikwa kifuani, kidole kimoja hadi vinne, ili jirani asiige. Njia hii ya kupiga kura na kujadiliana ilienezwa na mwalimu wa fizikia wa Harvard, Eric Mazur, kuanzia miaka ya 1990, na haihitaji kifaa chochote. Waliopata wakiwa chini ya asilimia 30, rudi kwenye chaki ufundishe upya. Wakizidi 70, songa mbele. Wakiwa katikati, usieleze jibu! Kila mmoja ageukie jirani mwenye jibu tofauti, wabishane dakika mbili, mpige kura tena. Hapo ndipo darasa kubwa linakuwa na faida, kwa sababu anayeelewa anamweleza mwenzake kwa lugha yao.

Dakika 12 za mwisho bonyeza B kwenye PowerPoint, slaidi inakuwa nyeusi. Wachore saketi, waeleze kwa maandishi. Mtihani wa kidato cha nne bado ni karatasi na kalamu, na mkono usiozoea kuandika utaumia siku hiyo.

Yanayoharibika mara kwa mara

Flashi. Inazunguka kwa walimu wote na kwenye steshenari, kisha folda zote zinageuka njia za mkato zisizofunguka. Mara nyingi mafaili bado yapo, yamefichwa na virusi, kwa hiyo usikimbilie kufuta. Weka flashi moja isiyotoka shuleni, na nakala ya kila somo ndani ya kompyuta.

Vishikwambi kwa wanafunzi. Ukitaka wavitumie bila intaneti, weka programu ya bure ya Kolibri kwenye kompyuta moja, pakua masomo mahali penye mtandao mzuri, kisha unganisha vishikwambi kupitia ruta ya kawaida isiyo na bando. Ruta ya bei ndogo hulemewa 30 wakifungua video kwa pamoja, hivyo toa kishikwambi kimoja kwa kundi la wanafunzi wanne, na mshikaji abadilike kila swali. Bila hivyo, mmoja anagusa na watatu wanalala.

Majibu ya akili bandia. Programu za kuzungumza na kompyuta huandika insha safi na hukosea kwa kujiamini kabisa, hasa kuhusu historia na fasihi ya kwetu. Kazi ya nyumbani ikija imenyooka kupita uwezo wa mwanafunzi, usimtuhumu. Mwite, muulize maswali mawili ya mdomo kuhusu alichoandika. Insha zenye alama ziandikwe darasani.

Picha za watoto. Usirushe mitandaoni picha ya darasa bila idhini ya wazazi. Mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data Kenya iliipiga shule moja faini ya shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kosa hilo, na Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Omba idhini kwa maandishi mwanzoni mwa mwaka, na mzazi akikataa, mtoto wake asionekane hata kwa mbali.

Na umeme ukikatika? Somo liendelee. Mchoro ule mkuu uwe umeshachorwa kwenye manila, umekunjwa na kuwekwa pembeni ya meza.