Distempa kwa mbwa: namna ya kuigundua mapema na kuikinga

"Huyu keshachanjwa, daktari." Naisikia hiyo Goba, naisikia Kigamboni. Nikiomba kadi nakuta mhuri mmoja tu: kichaa cha mbwa. Chanjo hiyo ni ya lazima, lakini haizuii distempa hata chembe. Distempa ina kirusi chake, ndugu wa surua ya watoto na wa sotoka ya ng'ombe, na husambaa kwa chafya, makamasi na bakuli la kuchangia. Mwaka 1994 kiliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, kwa hiyo usijipe moyo kwamba mbwa wako wa kienyeji ni sugu.

Hatua ya 1: Mtazame usoni asubuhi

Matongotongo kidogo kila mbwa anayo. Ya kutilia shaka ni mazito, ya njano au kijani, yanayogandisha kope za macho yote mawili, huku puani kuna makamasi ya namna hiyohiyo. Angalia pia kama anakohoa, anatapika au anahara. Mgeuze tumbo utafute vipele vya usaha pale pasipo na manyoya.

Kisha mpime joto kwa njia ya haja kubwa, kipimajoto kikiwa kimepakwa mafuta. Kawaida ni nyuzi 38 hadi 39.2. Ikipita 39.5 akiwa ametulia kivulini, ana homa. Nasema kivulini kwa sababu mbwa aliyeshuka kwenye bajaji saa saba mchana atakupa joto la uongo.

Homa ya kwanza huja siku 3 hadi 6 baada ya kuambukizwa, hushuka, halafu hurudi. Hapo katikati mbwa anakula na kucheza, na mwenye mbwa anafuta miadi yangu.

Hatua ya 2: Shika nyayo, tazama taya

Kuna jike mmoja Tegeta nilimsikia kabla sijamwona: ko, ko, ko kwenye vigae vya baraza, kama mtoto aliyevaa viatu vya mama yake. Nyayo zilikuwa zimekakamaa na pua imepasukapasuka. Si kila mgonjwa hufika huko, ila ukikuta hivyo pamoja na makamasi, usisubiri kesho.

Kirusi kikiingia kwenye ubongo, mbwa hutafuna kitu ambacho hakipo huku povu likimtoka, msuli mmoja hucheza hata akiwa usingizini, au anapata degedege. Haya yanaweza kuja wiki kadhaa baada ya makamasi kukauka. Usimtie mkono mdomoni! Kwa macho tu hakuna anayeweza kuitenga hali hiyo na kichaa cha mbwa. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, uende hospitali siku hiyohiyo.

Hatua ya 3: Mtenge, ndipo upige simu

Mpe sehemu yake na bakuli lake, umhudumie wa mwisho, kisha unawe na ubadili kandambili. Usimpeleke kukaa kwenye benchi la kliniki lenye watoto wa mbwa. Piga simu ili aangaliwe nje. Banda lisugue kwa sabuni, kisha lipitishie jiki, kikombe 1 kwa vikombe 30 vya maji. Nje ya mwili kirusi hiki ni dhaifu, jua na ukavu hukimaliza. Tatizo ni mbwa mwenyewe: anaweza kuendelea kukitoa kwa miezi kadhaa.

Hatua ya 4: Kipimo na matibabu

Kipimo cha haraka hutumia ute wa jicho. Jibu hasi halimwondolei shaka mbwa mwenye dalili, na magonjwa ya kupe au parvo (kirusi cha kuhara damu) huweza kufanana na distempa. Dawa ya kuua kirusi hakuna. Tunampa dripu, antibiotiki za kuzuia bakteria wanaodandia, na dawa ya degedege. Wapo wanaopona, wengine wakibaki na mguu unaorukaruka maisha yote.

Hatua ya 5: Chanjo, kwa ratiba

Anza akiwa na wiki 6 hadi 8, rudia kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16. Watu hulalamika kwamba natafuta hela. Sababu ni dang'a, yale maziwa ya kwanza: kinga aliyonyonya kwa mama huizima chanjo, na haiishi siku moja kwa watoto wote, hata wa uzao mmoja. Sindano moja ya wiki ya 8 ni bahati nasibu. Kisha mrudishie ndani ya mwaka, na baada ya hapo kila miaka 3 kwa distempa. Sehemu ya chanjo inayokinga homa ya mgunda, ile ya mkojo wa panya, hurudiwa kila mwaka, na panya wa mitaro yetu tunawajua.

Mtu akija kuchanja, fungua deli lake. Chanjo hukaa nyuzi 2 hadi 8. Kama barafu imeyeyuka na chupa ni vuguvugu, mrudishe alikotoka, hata kama ni mimi. Achanganye unga wa chanjo na maji yake mbele yako, achome papo hapo, abandike stika ya chupa kwenye kadi. Mpaka wiki mbili baada ya sindano ya mwisho, mtoto wa mbwa asipelekwe ufukweni wala kuachwa anusane na mbwa wa mtaani chini ya geti.