Kuishi na Watoto katika Monasteri ya Ki, Spiti

Familia inayotaka kukaa mwezi mmoja au zaidi katika monasteri ya Kibudha ya Ki, iliyo katika bonde la Spiti kaskazini mwa India, haina budi kuanza mipango yake kwa kufikiria mwinuko, kwa kuwa Ki ipo zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, na mwili, uwe wa mtoto au wa mtu mzima, huhitaji siku kadhaa kuizoea hewa nyepesi.

Njia ya kupitia mji wa Manali ni fupi, lakini huvuka kipito cha mlimani cha Kunzum, chenye zaidi ya mita 4,500, ambacho hufungwa na theluji kwa miezi mingi. Kwa wenye watoto, ningeiacha hata kiangazi, nikapitia mji wa Shimla na wilaya ya Kinnaur, ambako barabara hupanda polepole. Pumzikeni siku mbili au tatu katika kijiji cha Tabo, penye monasteri iliyoanzishwa mwaka 996 na michoro ya ukutani isiyochosha kutazamwa, kisha katika mji mdogo wa Kaza, ndipo mpande Ki. Raia wa kigeni huhitaji kibali maalumu katika sehemu ya njia hii iliyo karibu na mpaka. Kibali hicho hupatikana Reckong Peo, mji ulio Kinnaur.

Mtoto mdogo hawezi kueleza kuwa kichwa kinamuuma kwa sababu ya mwinuko. Akikataa chakula, akitapika au akilia kuliko kawaida yake, msipande zaidi, na hali ikizidi, teremkeni mara moja bila kungoja kupambazuke.

Malazi ni ya kawaida sana, kwa hiyo chukueni nguo nzito, dawa, na fedha taslimu za kutosha. Kiasi cha kuchangia kwa siku kikubaliwe mapema na mtawa anayesimamia wageni. Chai ya siagi na chumvi huwashinda watoto wengi, ila unga wa shayiri iliyokaangwa, uitwao tsampa, ukikorogwa kwa maji moto hukaribia uji wetu.

Ndani ya ukumbi wa sala vueni viatu, msinyooshe miguu kuelekea madhabahu, na mnapozunguka mnara mtakatifu, uwe mkono wenu wa kulia. Mtoto akichoka katikati ya ibada, mzazi mmoja atoke naye kimya kimya. Wanafunzi wa utawa, ambao baadhi yao ni watoto, wana ratiba ya masomo; michezo isubiri mpaka waruhusiwe.

Pangeni kuondoka kabla ya Oktoba kwisha.