Namna ya Kuboresha Majibu ya Kiingereza Unapoulizwa Kuhusu Bustani na Mbuga

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiketi barazani hapa Malindi na vijana wanaojiandaa kwa mtihani wa Kiingereza wa IELTS, wengi wao wakiwa wauguzi na watu wanaotafuta masomo ng'ambo, na swali linalowaangusha kuliko wanavyotarajia ni lile linaloonekana jepesi kabisa: je, unapenda kwenda bustanini? Muuguzi anayeweza kueleza kwa Kiingereza safi jinsi anavyompima mgonjwa shinikizo la damu hujibu, "Yes, I like parks very much because they are good for relaxing," kisha hunyamaza, na mtahini hana la kufanya ila kuhamia swali jingine. Jibu hilo halina kosa la sarufi. Upungufu wake ni kwamba lingeweza kutolewa na mtu yeyote, wa mji wowote, ambaye hajawahi kukanyaga bustani maishani mwake.

Ni vyema kwanza kufahamu kinachopimwa. Mazungumzo na mtahini huchukua dakika 11 hadi 14 katika sehemu tatu: maswali mafupi kuhusu maisha yako, kisha maelezo yako mwenyewe ya dakika moja hadi mbili baada ya dakika moja ya kujiandaa, na mwisho mjadala wa mambo mapana zaidi. Alama hutolewa kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa, navyo ni ufasaha na mtiririko wa mawazo, msamiati, sarufi, na matamshi. Hakuna kigezo kinachopima umaarufu wa mbuga uliyoitembelea, kwa hiyo mtu wa Malindi hana sababu ya kubuni safari ya London ambayo hakuwahi kuifanya.

Tatizo la kwanza hutokana na neno lenyewe. Kiswahili kina bustani, mbuga na hifadhi, ilhali neno la Kiingereza "park" hubeba maana hizo zote, tangu kiwanja chenye nyasi na viti katikati ya jiji hadi nyika wanamozurura tembo. Mtahini akiuliza kuhusu bustani za mjini, mwanafunzi wangu hutazama mji wake, huona kwamba bustani za namna hiyo ni chache, hujibu, "There are no parks in my town," na papo hapo huwa amejifungia mlango. Ni bora zaidi kuanza hivi: "If you mean public gardens, we have very few, but I live close to a marine park, and I usually go there on Sundays." Sentensi hiyo moja imejibu swali, imeonyesha kwamba umeelewa maana mbili za neno, na imekupeleka kwenye uwanja unaoujua. Wala hatukosi mahali pa kusemea. Hifadhi ya bahari ya Malindi ilianzishwa mwaka 1968, na pamoja na ile ya Watamu ni miongoni mwa hifadhi za bahari za kwanza barani Afrika. Upande wa kusini kuna msitu wa Arabuko-Sokoke wenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 420, na pembeni yake magofu ya Gede, ambayo yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024. Na ukishika barabara ya kuelekea magharibi utafika lango la Sala la mbuga ya Tsavo Mashariki.

Chagua mahali pamoja tu, uende ukiwa na daftari. Nasisitiza kwenda, kwa sababu msamiati unaookotwa mahali penyewe hukaa kichwani kuliko orodha ya maneno magumu iliyokaririwa usiku. Aliyepanda mashua yenye kioo chini, akasubiri maji yapwe ndipo aweze kuyaona matumbawe vizuri, anahitaji maneno kama "low tide", "coral", "shallow" na "glass-bottom boat", na maneno hayo humsaidia kuliko "picturesque", ambalo watahini wamelisikia mara nyingi mno likitamkwa na watu wasioweza kusema ni kitu gani hasa kilichopendeza. Andika pia sababu ya kila unachokiona. Tembo wa Tsavo Mashariki huonekana wekundu kwa kuwa hujirushia na kugaagaa katika vumbi jekundu la huko. Ukisema, "The elephants look red because they cover themselves with the red dust of the area," umepata sentensi ndefu bila kuilazimisha, kwani sababu yenyewe ndiyo iliyoirefusha.

Sasa nifike kwenye sarufi, ambako nataka nikawie kidogo, kwa sababu Mswahili ana hazina asiyoitumia. Wengi huona nyakati za Kiingereza kama msitu usiopenyeka, na kumbe viambishi vya lugha yetu vinaweza kuwaongoza karibu njia nzima. Unapotaka kusema "huenda", yaani jambo la mazoea, tumia "I go" au "I usually go". Unaposema "nilikwenda", huku wakati wenyewe ukijulikana, tumia "I went". Unaposema "nimefika Tsavo mara mbili", bila kutaja siku, tumia "I have been to Tsavo twice". Hapa pana mitego miwili. Kwanza, "I have gone to Tsavo" humaanisha kwamba bado uko huko, jambo lisilowezekana ikiwa umeketi mbele ya mtahini. Pili, ukishataja mwaka jana au siku ya Idi, kile kiambishi cha "-me-" hakina nafasi tena katika Kiingereza, na "I have visited it last year" ni kosa ninalolisahihisha karibu kila wiki.

Kiambishi cha "-nge-" kinahitaji uangalifu zaidi. Sisi hukiweka pande zote mbili za sentensi: ningekuwa na nafasi, ningekwenda kila wiki. Mwanafunzi huhamisha umbo hilo lilivyo na kusema, "If I would have time, I would go," lakini Kiingereza hutaka upande wa sharti uwe katika wakati uliopita: "If I had more time, I would go every week." Ifanye sentensi hiyo mazoezi mpaka ulimi uizoee, kwa kuwa maswali kuhusu bustani huleta mara kwa mara nafasi ya kusema ungependa nini kibadilishwe.

Jambo jingine ni vile vineno vidogo "a" na "the", ambavyo Kiswahili hakina, na ndiyo maana tunasikia "I go to park". Hata hivyo tunalo linalokaribiana navyo. Msikilize mtu wa pwani akisema "ile bustani", akitanguliza kionyeshi kabla ya nomino: anakusudia bustani ambayo wewe na yeye mnaijua tayari. Kila mahali ambapo ungeweza kusema "ile bustani" kwa maana hiyo, weka "the". Na unapoitaja kwa mara ya kwanza, weka "a". Kanuni hii haitatatua kila kitu, lakini nimeona ikipunguza makosa mengi kwa muda mfupi.

Yako pia maneno yanayotusaliti kwa kufanana. Kwetu mtu huenda "kutembea Mombasa" kwa gari, lakini ukimwambia mtahini "I walked to Tsavo", ataelewa kwamba ulikwenda kwa miguu zaidi ya kilomita mia moja. Sema "I visited" au "I took a trip to". Neno "sana" halifasiriwi kwa "too", kwa sababu "too beautiful" hudokeza kwamba uzuri umepita kiasi hadi ukawa kero. Neno "yeye" hutufanya tuchanganye "he" na "she", hata tunapomsimulia mama mzazi. Na ukiulizwa, "Don't you like parks?" nawe huzipendi, usijibu "Yes" kwa mazoea ya kusema "ndiyo, sizipendi", Kiingereza husema, "No, I don't." Kuhusu "kupunga upepo", ambalo kwangu ni miongoni mwa maneno mazuri kabisa ya pwani, usilifasiri neno kwa neno, "to enjoy the sea breeze" hutosha na kupendeza.

Katika maelezo ya dakika mbili, Mswahili huvutwa na kiambishi cha "-ka-": tukaenda, tukapanda, tukaona, tukarudi. Kwa Kiingereza mnyororo huo hugeuka "and then, and then", na mtiririko huonekana wa kitoto. Unganisha matukio kwa njia tofauti tofauti, kama katika mfano huu wa mwanafunzi aliyekuwa akieleza safari ya Gede: "The place I'd like to talk about is Gede, an old Swahili town that now lies in ruins under tall trees. I went there with my younger brother during the school holidays. While we were looking at the walls of the old mosque, a monkey came down and took his banana. I had been there before, but that was the first time I really stayed and listened to the place." Umo humo wakati uliopita, jambo lililokuwa likiendelea, na jambo lililotangulia jingine, na bado anazungumza kama mtu anayesimulia nyumbani. Nilimwonya asiikariri sentensi kwa sentensi, maana watahini hulitambua jibu la kukariri; akumbuke tukio, na maneno yaje upya kila mara.

Katika matamshi tunayo neema moja: herufi zinazowatesa wengi, kama ya mwanzo wa "this" na ya mwanzo wa "think", sisi tunazo katika dhahabu na thelathini. Tunapokosea ni katika mkazo, kwa kuwa Kiswahili huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Maneno "animals", "visitors" na "elephants" yote hukazwa mwanzoni. Usiongeze irabu mwishoni mwa "park", na irefushe irabu ya "beach" kwa makusudi, kwani ikifupishwa hukaribia tusi.

Sehemu ya tatu huuliza mambo kama vile kwa nini miji inahitaji bustani, au kama wageni wanapaswa kulipa kiingilio. Hapa mfano halisi hushinda maoni matupu. Mwaka 1989 Wangari Maathai alipinga mpango wa kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park jijini Nairobi, na mpango huo haukutekelezwa. Mwaka 2004 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani. Mtahiniwa wa Kenya anayeutaja mkasa huo kwa sentensi mbili, kisha akaeleza kwa nini watu wa kipato kidogo ndio wanaopoteza zaidi bustani ya umma inapotoweka, amejenga hoja inayosimama.

Kwa mazoezi, jirekodi kwa simu ukijibu swali moja kwa dakika mbili, kisha usikilize mara mbili: mara ya kwanza ukiandika makosa ya nyakati pekee, mara ya pili ukisikiliza mkazo wa maneno. Ukikutana na sentensi ambayo ingeweza kusemwa na mtu asiyewahi kufika mahali unapopaeleza, iondoe, weka mahali pake kitu ulichokiona kwa macho yako, na urekodi tena usiku huohuo.